Kutunga ulimwengu wako wa mchezo wa mezani, kutoka ukurasa mmoja hadi kijitabu

Muulize mtu anayetunga ulimwengu wake wa mchezo wa kuigiza wahusika amefika wapi, na mara nyingi atakuonyesha ramani ya bara zima, orodha ya wafalme na kalenda yenye miezi kumi na mitatu. Muulize wachezaji wakishaketi watafanya nini, na hapo ataanza kubabaika. Mwongozo huu unaanzia kwenye swali hilo la pili. Unamfaa mwendeshaji, yaani anayeuongoza mchezo mezani, anayetunga kwa ajili ya kundi lake, na unamfaa zaidi anayetaka kuandika kijitabu cha nyongeza ambacho mwendeshaji asiyemjua atakichukua na kukichezesha. Kipimo ni kimoja kwa wote wawili: kila ulichoandika kiwe na kazi dadu zikiwa mezani.

Si kipimo kigeni. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, ilitoka mwaka 1974, na mwaka uliofuata zikaja nyongeza zake mbili za kwanza, Greyhawk na Blackmoor. Majina yote mawili yalikuwa ya michezo iliyokuwa ikichezwa tayari: Greyhawk kwa Gary Gygax, Blackmoor kwa Dave Arneson. Meza ilitangulia, kitabu kikafuata.

Hatua ya 1: Ukurasa mmoja, usizidi

Mwaka 2002 Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha mchezo huo, ilitangaza shindano la kutafuta ulimwengu mpya. Mshiriki hakuombwa kitabu. Aliombwa kwanza muhtasari wa ukurasa mmoja, na waliochujwa wakabaki ndio walioandika zaidi. Mapendekezo yalipita 11,000, na la Keith Baker lililoshinda likawa Eberron, uliochapishwa mwaka 2004. Jiwekee sharti hilohilo. Wazo lisiloenea ukurasa mmoja kwa kawaida ni mawazo matatu yaliyobanwa pamoja, na mawili kati yao yanafaa kuwekwa akiba kwa kijitabu kingine.

Ukurasa huo useme mahali ni wapi (padogo), kuna tatizo gani leo, wachezaji ni akina nani pale, na kikao cha kawaida kinaendaje. Historia iingie pale tu inapoeleza tatizo la leo. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, niliotunga kwa ajili ya mwongozo huu:

*Chumvini ni kijiji kilicho mdomoni mwa mgodi wa chumvi. Maji yote ya kunywa hutoka kisima kimoja, na kila anayekunywa huandikwa deni. Anayekufa na deni hazikwi. Hushuka mgodini na kuendelea kuchimba mpaka jina lake lifutwe. Juzi daftari la madeni limeibwa. Wachezaji ni wapiga hesabu wa kukodi walioletwa kulitafuta, na maji wameshakunywa.*

Yako mengi yasiyojulikana hapo: nani anatawala nchi, dini yao ni ipi, kaskazini kuna nini. Yaache. Yakihitajika mezani yatajitunga yenyewe, na pengine mchezaji ndiye atakayeuliza swali litakalokupa jibu zuri kuliko lile ungeliandaa. Lakini tayari tunajua wachezaji wataamka na kufanya nini, na sentensi ya mwisho imewatia ndani ya shida kabla hawajachagua upande.

Hatua ya 2: Kitu kimoja, matumizi matatu yasiyopatana

Watunzi wengi huandika makundi ya watu kwa kueleza tabia zao: hawa ni wakali, hawa ni wasomi, hawa wana siri. Tabia haichezeki. Kinachochezeka ni kutaka. Tafuta kitu kimoja ambacho makundi yote yanakihitaji, kila kundi kwa namna inayoharibu haja ya mwenzake.

Hapa kitu hicho ni daftari. Mtunza Daftari anataka lirudishwe bila kufunguliwa, kwa sababu nusu ya madeni yaliyomo yalilipwa zamani. Wachimbaji walio hai wanataka lichomwe. Wafu hawadai mshahara, na walio hai wanakosa kazi. Wafu, kupitia msemaji wao, mwanamke aliyekufa miaka arobaini iliyopita, wanataka lisomwe hadharani, jina kwa jina. Hakuna njia ya katikati itakayowaridhisha wote watatu, na hilo ndilo unalolitafuta.

Kwa kila kundi andika mistari mitatu tu: linataka nini, lina uwezo gani, na litafanya nini kesho wachezaji wasipoingilia. Mstari huo wa tatu ndio unaosahaulika, nao ndio unaoufanya ulimwengu usionekane umesimama ukiwangoja mashujaa. Wachimbaji wataziba njia ya kisima keshokutwa usiku. Ukishajua hivyo, mwendeshaji aliyekwama katikati ya kikao ana kitu cha kukitupa mezani.

Hatua ya 3: Andika mahali kwa ajili ya mtu mwenye haraka

Hapa ndipo vijitabu vingi vinapoanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mwendeshaji anasoma maandishi yako huku watu wanne wanamtazama. Mmoja ameuliza kuna nini nyuma ya mlango. Ana muda wa kupitisha jicho mara moja, basi. Sasa tazama maelezo haya ya ghala, ya aina ninayokutana nayo kila mara:

*Ghala la Chumvini lilijengwa karne nyingi zilizopita na ukoo wa kifalme uliokimbia vita. Ni jengo la kuvutia lenye hali ya huzuni, na wenyeji hawapendi kulizungumzia.*

Hakuna cha kushika. Mwendeshaji atalazimika kutunga mwenyewe kila kitu ambacho wachezaji watakiona. Linganisha na hili:

*Ghala. Kufuli jipya, bawaba zimeliwa na kutu. Ndani, wafu kumi na wawili wamesimama wakisubiri zamu, nyuso zimeelekea ukutani. Anayetajwa kwa jina hugeuka. Chini ya magunia ya upande wa mashariki: kurasa tatu zilizochanwa kwenye daftari.*

Maneno yameongezeka kidogo tu, lakini hesabu milango iliyofunguka. Kufuli jipya linamwambia mchezaji kuwa mtu anaficha kitu, na kutu ya bawaba inamwonyesha pa kupiga teke. Nyuso za ukutani zinatisha bila mwandishi kutamka neno "kutisha". Kanuni ya jina inawapa wachezaji chombo: wakipata orodha ya majina mahali pengine, watakumbuka wale kumi na wawili. Na mpangilio unafuata macho: kinachoonekana kwanza kimeandikwa kwanza, kilichofichika kiko mwisho, mwendeshaji asije akakisoma kwa sauti kwa bahati mbaya.

Kuhusu aya za kusomewa wachezaji neno kwa neno, mimi sizipendi. Ukiziweka, zisizidi sentensi tatu, na usiseme ndani yake wachezaji wanahisi nini au wanafanya nini. Mchezaji akiambiwa "unatetemeka kwa hofu" atajibu kwamba mhusika wake hatetemeki, na atakuwa na haki.

Siri nazo zina hesabu yake. Jambo lolote ambalo hadithi haiendi bila kujulikana, liwekee njia tatu za kulifikia, katika sehemu tatu tofauti. Kwamba nusu ya madeni yamelipwa kunaweza kujulikana kwa kurasa za ghalani, kwa mazungumzo na msemaji wa wafu, au kwa risiti zilizoshonwa ndani ya koti la marehemu. Wachezaji wataipita ya kwanza, wataielewa vibaya ya pili, na ya tatu itawafungua macho. Na kamwe usiifiche siri ya lazima nyuma ya dadu moja: dadu ikikataa, kikao kimekwisha.

Hatua ya 4: Majedwali, na kwa nini dadu mbili si sawa na moja

Jedwali la matukio ya kubahatisha ni njia ya kumwambia mwendeshaji ulimwengu wako una nini kwa wingi na nini kwa nadra. Ukitumia dadu moja ya pande 6, kila tukio lina nafasi sawa, kama asilimia 17. Ukijumlisha dadu mbili za pande 6, katikati panakuwa pazito: jumla ya 7 hutokea mara 6 katika 36, wakati 2 au 12 kila moja hutokea mara 1 tu. Kwa hiyo yaweke ya kila siku katikati na ya ajabu pembeni. Kwa mgodi wa Chumvini:

2: Mfu anamwita mchezaji mmoja kwa jina na kumdai deni la babu yake. (karibu asilimia 3)
3–5: Wachimbaji wawili walio hai wanatega mbao za dari ziporomoke juu ya wafu. Hawajawaona wachezaji. (asilimia 25)
6–8: Wafu watatu wanasukuma toroli lililojaa. Hawasimami, asiyepisha atagongwa. (asilimia 44)
9–11: Taa zinazimika kwa upepo unaotoka chini. Huko chini kuna njia mpya. (asilimia 25)
12: Mtunza Daftari, peke yake, analia. (karibu asilimia 3)

Angalia kwamba katika kila mstari kuna kitu kinachotokea. "Wafu watatu" peke yake si tukio. Jedwali la mistari 100 linavutia kwenye tangazo, lakini kundi moja halitafika hata kwenye mistari kumi na mitano. Bora mistari sita iliyoiva.

Hatua ya 5: Kanuni mpya, moja au mbili

Kila kanuni mpya ni mzigo kwa mtu ambaye tayari amejifunza kitabu kizima cha kanuni. Kabla ya kuongeza, jiulize kama mchezo unaoutumia hauna njia ya kufanya jambo hilohilo. Ukikuta hauna, tunga kanuni inayobeba wazo lenyewe la ulimwengu wako. Chumvini inahusu deni, kwa hiyo kanuni yake iwe ya deni:

*Ukishindwa kwenye dadu, unaweza kuongeza alama 1 ya Deni na kuirusha tena. Kila ulalapo Chumvini, rusha dadu ya pande 6. Ikitoka namba sawa na Deni lako au chini yake, mdai anakuja usiku huo.*

Sasa fanya hesabu, maana kanuni isiyopigiwa hesabu ni matumaini tu. Mchezaji mwenye nafasi ya kufaulu ya asilimia 65, akiruhusiwa kurudia anaposhindwa, anafikia karibu asilimia 88. Hiyo ni nguvu kubwa. Je, bei inalingana? Deni 1 lina nafasi ya asilimia 17 ya kuleta mdai usiku, Deni 3 ni nusu kwa nusu, Deni 6 ni lazima. Kwa hiyo mchezaji atakopa kwa wepesi mara ya kwanza na ya pili, na ya tatu atasita. Kusita huko ndiko ninakotaka kukuona. Kama mdai angekuja kwa Deni 1 kila mara, hakuna ambaye angekopa, na kanuni ingebaki pambo.

Vifaa vya ajabu vina mtego wake. Katika dadu ya pande 20, kila +1 ni asilimia 5, na inaonekana ndogo. Lakini katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, bonasi ya ustadi (namba inayoongezwa kwenye dadu kwa mambo anayoyamudu mhusika) huanzia +2 ngazi ya kwanza na kuishia +6 kuanzia ngazi ya 17. Yaani safari nzima ya mhusika huiongezea bonasi hiyo 4 tu. Ukimpa mtu upanga wa +3 kikao cha pili, umempa robo tatu ya ukuaji huo kwa siku moja. Mpe badala yake kitu kinachofungua njia mpya: *Risiti ya Marehemu. Ukimwonyesha mfu yeyote, lazima ajibu swali moja kwa kweli, kisha risiti inafutika.* Haina namba hata moja, na wachezaji watabishana robo saa juu ya nani wa kuulizwa.

Viumbe wapya pia: usibuni takwimu mpya kama za kiumbe kilichopo zinatosha. Chukua takwimu za mfu wa kawaida, mwongezee jambo moja (hugeuka akiitwa jina), umalize.

Hatua ya 6: Utoe mikononi mwako

Chezesha mwenyewe kwanza, bila shaka. Lakini jaribio hilo linapima kichwa chako, kwa sababu kila pengo kwenye karatasi utaliziba kwa kumbukumbu bila kujua. Jaribio la kweli ni kumpa mwendeshaji mwingine maandishi, ukae pembeni, usiseme kitu. Akikuuliza swali, mwambie afanye kama hupo.

Mtazame mikono kuliko uso. Anapofunua kurasa mbele na nyuma mara tatu kutafuta jambo lilelile, jambo hilo limekaa mahali pabaya. Anapovuta penseli na kuandika kitu pembeni, hicho ulipaswa kukiandika wewe. Anaporuka aya nzima bila kuisoma na mchezo ukaendelea vizuri, aya hiyo ifute, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Baada ya kikao usiwaulize kama walifurahia. Watu wastaarabu watasema ndiyo. Waulize wasimulie kilichotokea. Wasichokitaja hakikufika.

Ulimwengu wenye wafu na madeni unagusa mambo mazito. Taja mwanzoni mwa kijitabu mada zilizomo, na mshauri mwendeshaji akubaliane na kundi lake kabla ya kuanza yapi hayataingia kabisa na yapi yatapita bila kuonyeshwa.

Hatua ya 7: Haki, kabla ya kuuza

Kama unacheza na wenzako tu, ruka hatua hii. Ukitaka kuuza au kusambaza, fahamu tofauti moja: kwa sheria za Marekani, ambako mingi ya michezo hii mikubwa imetoka, hakimiliki hailindi mbinu ya kuchezea mchezo, inalinda maneno na picha zinazoieleza. Kunakili aya za kanuni za watu ni jambo lingine kabisa, na majina ya biashara yana sheria zake.

Njia rahisi ni kutumia maandishi yaliyoachiwa rasmi. Januari 2023, baada ya wachezaji kupinga vikali mpango wa kubadilisha leseni iliyokuwapo tangu mwaka 2000, Wizards of the Coast iliweka hati ya msingi ya kanuni za toleo la tano, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons CC BY 4.0. Unaweza kuitumia hata kwa biashara, mradi utaje chanzo kwa maneno wanayoyataka, yaliyoandikwa mwanzoni mwa hati yenyewe. Lakini hati hiyo ni kanuni. Ulimwengu wao wa Forgotten Realms haumo. Ukiutaka huo, kuna soko la DMs Guild lililoanza mwaka 2016: unaruhusiwa kuutumia, unapata nusu ya mauzo, na kazi yako haiwezi kuuzwa kwingine. Kwa ulimwengu uliotunga mwenyewe sioni sababu ya kuufungia humo.

Picha na fonti nazo zina leseni. Hifadhi nakala ya kila ruhusa siku unapoipata.

Hatua ya 8: Kurasa

Ukubwa wa A5 unatosha, na unasomeka kwenye simu. Ukikusudia kukichapa na kukibana kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Panga 16 au 24 tangu mwanzo, maana sharti hilo litakusaidia kukata. Kila mahali pakae ndani ya kurasa mbili zinazotazamana: ramani ndogo, maelezo, takwimu za viumbe wa hapohapo. Usimwambie msomaji "tazama ukurasa wa 14" kama unaweza kurudia mistari miwili. Jedwali linalotumika kila kikao liende nyuma ya jalada, ambako mkono hufika bila kutafuta. Kwenye PDF weka alamisho kwa kila kichwa, na hakikisha maneno yanatafutika.

Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya toleo na tarehe. Maswali yataanza kuja: mdai anapokuja usiku, Deni linarudi sifuri au linabaki? Akiuliza mtu mmoja, mjibu. Wakiuliza wawili ambao hawajuani, kosa liko kwenye maandishi. Ongeza sentensi inayokosekana, andika toleo 1.1, na umtumie upya kila aliyekwisha kukinunua.